Mwanangu Anataka Gari la Mbio, na Bima Iwe kwa Jina Langu

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mzazi asiyejua mengi kuhusu magari zaidi ya kuyaendesha na kuyapeleka kwa fundi yanapogoma. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 19 na alipata leseni miezi minne iliyopita. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiweka akiba kutokana na kazi yake ya jioni, nami nilimwahidi kwamba atakapofikisha theluthi mbili ya bei ya gari zuri lililokwisha kutumika, theluthi iliyobaki nitailipa mimi. Ametimiza upande wake, na sina nia ya kuvunja ahadi. Tatizo ni gari alilolichagua.

Amelipenda gari aina ya Subaru Impreza WRX la mwaka 2004, lenye turbo, ambalo mwenye kuliuza amelishusha kwa kukata springi, amelibadilishia bomba la moshi na, kwa maneno yake mwenyewe, amekiondoa "kile kidude kinachobana moshi" ili injini ipumue vizuri. Nilipouliza kama gari la namna hiyo linaruhusiwa barabarani, nilijibiwa kwa kicheko kwamba bomba la awali lipo stoo, litafungwa siku ya ukaguzi na kufunguliwa kesho yake. Nikamgeukia mwanangu nikitarajia kwamba ataona haya kama nilivyoona mimi, nikamkuta anaafiki kwa kichwa.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Aliulizia bima ya gari hilo akiwa yeye ndiye dereva, akatajiwa kiasi kinachokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Sasa ananiomba bima ikatwe kwa jina langu, mimi niandikwe kuwa dereva mkuu na yeye dereva wa nyongeza, ilhali sote wawili tunajua kwamba sitaligusa gari hilo hata mara moja kwa mwezi. Anasema rafiki zake wamefanya vivyo hivyo, na kwamba hayo ni mambo ya karatasi tu.

Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wake, anashauri tumnunulie jipu kubwa la zamani, kwa hoja kwamba hata likigonga, kijana atakuwa salama ndani ya chuma kizito. Mwanangu aliposikia hayo alinyanyuka akaondoka, na hatukuzungumza mpaka siku ya pili.

Sitaki kumnyima furaha yake. Tangu utotoni anazijua injini kwa majina kama vijana wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira. Je, lipo gari litakalomchangamsha bila kuvunja sheria na bila kuhatarisha maisha yake kupita kiasi? Na kuhusu bima, nimjibu nini?

Mama wa dereva mpya

*

Mama mpendwa,

Nianze na bima, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo jambo pekee lisilo na pande mbili. Usikubali.

Kampuni ya bima hupanga ada kwa kumtazama mtu atakayeliendesha gari mara nyingi zaidi, na kumtaja mwingine kuwa dereva mkuu ili ada ishuke ni udanganyifu, hata kama anayetajwa ni mama mzazi. Nchini Uingereza, ambako ujanja huu umezoeleka hata ukapewa jina lake maalumu, unaweza kuwafikisha watu mahakamani. Lakini ukiacha sheria pembeni, tazama jinsi mambo yanavyokwenda siku ya ajali. Mchunguzi haulizi maswali magumu. Anauliza gari hulala wapi, nani hulijaza mafuta, nani alikwenda nalo kazini wiki iliyopita. Baada ya majibu matatu ukweli umekwisha kujulikana, na kampuni inaweza kukataa kulipa hasara yenu, au ikawalipa waliojeruhiwa kisha ikarudi kwako kudai fedha yake. Bima ikifutwa kwa sababu ya udanganyifu, mwanao atalazimika kulitaja jambo hilo kila atakapoomba bima nyingine, na ada anayoikimbia leo itamsubiri ikiwa imenenepa.

Kinachokubalika ni kinyume cha ombi lake: yeye aandikwe dereva mkuu, nawe uongezwe kama dereva wa pili, mradi kweli utakuwa unaliendesha mara mojamoja. Kuwepo kwa dereva mwenye uzoefu mara nyingi hupunguza ada. Kampuni nyingine hupunguza zaidi kijana akikubali kufungiwa kifaa kinachorekodi mwendo, ufungaji wa breki na saa za kuendesha. Vijana hukichukia kifaa hicho, nami naelewa sababu, lakini anayekikataa anajua ada atakayolipa. Zaidi ya yote, ulizieni bima kwanza, na gari baadaye. Andikeni magari matano au sita mnayoyafikiria, mtaje umri wa kijana na muda wa leseni yake bila kuficha, mpate ada za yote kabla hajakwenda kuketi ndani ya lolote, kwa kuwa kijana akishaketi na kuushika usukani huwa hasikii tena hesabu. Hiyo ada iliyokaribia nusu ya bei ya Subaru ni ujumbe pia: watu ambao riziki yao ni kukadiria uwezekano wa ajali wamekwambia wanavyomwona kijana wa miaka 19 nyuma ya turbo ile.

Sasa gari lenyewe. Sitakwambia kwamba Impreza WRX ni gari baya, maana si kweli, na mwanao akisoma sentensi hiyo ataacha kusoma nyingine. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mashindano ya rali mwaka 1995, 1996 na 1997 kwa magari ya ukoo huo, na kijana anayelipenda ana macho. Ubaya uko katika hilo moja lililokatwa na kufunguliwa. Springi iliyokatwa kwa msumeno hupoteza urefu ambao mtengenezaji aliupanga uende sambamba na shokapu, kwa hiyo gari hugonga chini kwenye shimo, tairi huruka badala ya kushika lami, na katika kona mbovu gari hudunda pale pale linapotakiwa kutulia. Nililiendesha gari la namna hiyo nilipokuwa na umri wa mwanao. Nililiona la kishujaa kwa muda wa wiki mbili, baada ya hapo nikaanza kupanga safari zangu kwa kukwepa matuta.

"Kidude kinachobana moshi" ni katalitiki, yaani chombo chenye madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu, ambacho hugeuza hewa ya kaboni monoksidi, mabaki ya mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa hewa zenye madhara madogo zaidi. Katika nchi nyingi, zikiwemo Marekani na zile za Umoja wa Ulaya, gari lililotengenezwa likiwa nacho haliruhusiwi kutembea barabarani bila hicho. Hapa ndipo ninapotaka mwanao asome mara mbili: sheria inalihusu gari kila siku linapokuwa barabarani, si siku ya ukaguzi peke yake. Anayefunga bomba halali leo na kulifungua kesho ana gari lisilo halali siku zote za mwaka ila moja. Tena, mabadiliko ambayo kampuni ya bima haikuarifiwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa madai, hata pale ajali yenyewe haikusababishwa na mabadiliko hayo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutafuta gari la kwanza lenye mvuto ni kutafuta ambalo halijaguswa na mtu, hata kama kwa nje linaonekana la kawaida mno kuliko jirani yake lililopambwa.

Je, lisiloguswa laweza kusisimua? Swali hili napenda nilijibu kwa kirefu, kwa sababu vijana wengi, na watu wazima wasiopungua, huamini kwamba kinacholifanya gari liwe la michezo ni injini kubwa. Chukua Volkswagen Golf GTI, gari ambalo magari madogo yenye kasi ya miaka iliyofuata yaliliiga. Lilipoanza kuuzwa mwaka 1976 lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Hizo ni nguvu ambazo leo utazikuta katika gari dogo la kwendea sokoni. Siri yake ilikuwa uzito wa kilo zipatazo 800 tu, na springi zilizopangwa na watu waliojua kazi yao. Mazda MX-5 lilipotoka mwaka 1989 lilifuata njia hiyo hiyo: injini ya lita 1.6, nguvu za farasi zisizozidi 120, uzito usiofika tani moja, na wasanifu wake wakasema wanachotaka ni mpanda farasi na farasi wake wawe kitu kimoja. Gari jepesi hugeuka mara usukani unapoguswa, husimama kwa umbali mfupi zaidi, na humpa dereva raha akiwa katika mwendo ambao sheria inauruhusu. Gari zito lenye nguvu nyingi hulala usingizi katika mwendo huo, na dereva, ili aonje kitu, hana budi kuuvuka. Kwa kijana mwenye leseni ya miezi minne tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne.

Baadhi ya nchi zimeliweka wazo hili katika sheria. Katika majimbo ya New South Wales na Victoria nchini Australia, dereva mpya haruhusiwi kuendesha gari lenye zaidi ya kilowati 130 (kilowati, kama farasi, ni kipimo cha nguvu za injini) kwa kila tani ya uzito. Nchini Italia kiwango kilikuwa kikali zaidi kwa miaka mingi, na hata baada ya kulegezwa mwishoni mwa mwaka 2024 ni kilowati 75 kwa tani, na jumla isizidi 105, kwa miaka mitatu ya kwanza. Angalieni kama mahali mnapoishi pana kikomo cha namna hiyo, na hata kama hakipo, hesabu yenyewe ni kipimo kizuri cha kukaa nacho mezani: gawanya kilowati zilizoandikwa katika kadi ya gari kwa uzito wake wa tani. Suzuki Swift Sport lenye injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, lililotengenezwa hadi mwaka 2017, lina kilowati 100 na uzito wa kilo kama 1,050, kwa hiyo linapata 95. Linapita Australia, linakwama Italia. Kwa mwanao ningeliweka katika nafasi ya kwanza ya orodha, pamoja na gia zake sita za mkono na umbo ambalo hakuna rafiki atakayelicheka.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Watengenezaji wengi huuza toleo la sura ya michezo juu ya injini ya kawaida: Ford huliita ST-Line, Volkswagen huliita R-Line. Viti vinamkumbatia dereva, magurudumu ni mazuri, springi mara nyingine ni ngumu kidogo, lakini injini ni ile ile ya gari la familia, na bima kwa kawaida hufuata injini zaidi ya urembo. Mwanao ambaye anajua injini kwa majina huenda akaona ni kuvaa jezi bila kuingia uwanjani. Ni haki yake. Mwambie aulizie bima ya yote mawili kisha aseme tena.

Kuhusu MX-5 nililolisifu, na Toyota 86 ambalo huenda tayari amekwisha kukuonyesha picha yake, nasita. Hayo huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye lami yenye maji humwadhibu mtu anayekanyaga mafuta katikati ya kona. Toyota 86, lililoanza kuuzwa mwaka 2012 likiwa na nguvu za farasi 200, lilipewa kwa makusudi matairi yasiyoshika sana ili liteleze kwa urahisi. Ni furaha kwa anayejua. Liwe gari lake la pili.

Mjomba wake msimpuuze, kwa kuwa nusu ya hoja yake ni ya kweli. Magari mawili yanapogongana, lililo zito humlinda mtu wake vizuri zaidi, na gari dogo sana si zawadi ya kumpa dereva mpya. Ndiyo maana hata katika sifa zangu kwa wepesi nisingeshuka chini ya magari ya ukubwa wa Swift, na kama fedha inaruhusu ningepanda daraja moja hadi Mazda3 au Ford Focus lenye injini ya kawaida. Nusu nyingine ya hoja ndiyo inayopotea. Jipu la zamani lina kitovu cha uzito kilicho juu, hupinduka kwa urahisi dereva anapokata usukani kwa hofu, huchelewa kusimama, na chuma chake kinene hakikusanifiwa kujikunja na kumeza mshindo kama bodi za magari ya karibuni. Tena huenda likakosa kitu ambacho mimi singemnunulia kijana gari bila hicho.

Kitu hicho ni mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, unaojulikana kwa kifupi kama ESC, ingawa Toyota huuita VSC na Mazda huuita DSC. Gari linapoanza kwenda kando tofauti na usukani unakoelekea, mfumo hufunga breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu za injini, kabla hata dereva hajatambua kosa lake. Ni wa lazima kwa magari mapya nchini Marekani tangu matoleo ya 2012, na katika Umoja wa Ulaya kwa kila gari jipya tangu Novemba 2014. Gari la 2004 halikulazimika kuwa nao. Kuukagua ni rahisi: washeni swichi bila kuwasha injini, mtazame kwenye dashibodi taa yenye picha ya gari na alama za mserereko nyuma yake. Inatakiwa iwake kisha izimike baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, ama mfumo haupo, ama kuna mtu ameifumba macho.

Siku ya kwenda kuliona gari nendeni na fundi wenu, asiyejuana na muuzaji, na mlitazame asubuhi injini ikiwa baridi. Sina haja ya kumfundisha fundi kazi, ila matairi myasome wenyewe. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa alama zinazoanza na herufi DOT, pana tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya kampuni nne na umri tofauti ni barua ya utambulisho ya mwenye gari: inakwambia alivyobadilisha oili pia. Tairi lililolika upande mmoja linaweza kuwa dalili ya springi au mhimili uliopinda baada ya kugonga. Katika ile theluthi yako, tenga fungu la matairi manne mapya yaliyo sawa na mafuta mapya ya breki, hata kama muuzaji anaapa kwamba yaliyopo yanatosha. Hakuna kifaa cha kuongeza mbio ambacho kingemfanya mwanao aone tofauti kubwa kama hiyo katika kona.

Akishalipata, hatari yake kubwa itakuwa katika miezi ya kwanza, usiku, na hasa gari likiwa limejaa marafiki wa rika lake. Mkubaliane, na hili liwe sharti la fedha yako, kwamba kwa miezi sita abebe abiria mmoja tu wa rika lake, na kila mtu afunge mkanda kabla ya injini kuwashwa. Kiu ya mbio itakuwepo na haitaondolewa kwa mawaidha. Mtafutie siku moja ya mafunzo ya kudhibiti gari kwenye uwanja wenye maji, au mashindano ya kupita kati ya koni kwenye eneo lililofungwa, ambako mwendo ni mdogo na kosa hugharimu koni iliyolala. Hakikisheni tu masharti ya bima yanasemaje kuhusu shughuli hizo, kwani nyingi hazizihusishi.

Ukimweleza haya, usianze na Subaru ulilolikataa. Anza kwa kumpa karatasi na kumwomba akuandikie magari sita yenye ESC, yasiyoguswa, na hesabu ya kilowati kwa tani ya kila moja. Anazijua injini kuliko mimi na wewe, na kazi hiyo ataifanya kwa usiku mmoja. Safari ya kujaribu gari nendeni pamoja, yeye aendeshe na wewe ukae kiti cha nyuma, utazame jinsi anavyoingia kona. Muuzaji akikataa fundi wenu asilitazame gari chini, mshukuruni na kuondoka.

Mshauri